Chumba Kinachomsoma Msomaji

Jamani, nimekesha. Si kwa mpira wala kwa harusi. Nimekesha nikitazama nani kafungua faili gani, saa ngapi, na ukurasa upi kaukalia kwa dakika ngapi. Ni siku 4 tu tangu nifungue chumba changu cha kwanza cha data mtandaoni, tena akaunti ya majaribio, na tayari watu wananikimbia kwa jinsi ninavyokisimulia. Wewe huna pa kukimbilia, basi kaa nikusimulie.

Mwenye kampuni akitaka kuiuza, hakuna mnunuzi mwenye akili anayekubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Atadai hati ya kiwanja, hesabu zilizokaguliwa, mikataba, madeni, kesi zilizoko mahakamani. Zamani makaratasi hayo yalijazwa katika chumba hasa, chenye kuta na mlango, aghalabu ofisini kwa wanasheria. Unasaini daftari, unaingia kwa zamu, unasoma huku mtu anakutazama mikono. Wengine walipanda ndege kwa ajili hiyo tu! Intralinks ya New York, iliyoanza 1996, ni miongoni mwa waliokihamishia chumba hicho kwenye intaneti. Merrill, Wamarekani waliokuwa wachapaji wa nyaraka za fedha, nao wakaingia, na mwaka 2020 wakabadili jina kabisa wakawa Datasite. Mimi nilichukua huduma ya kampuni ndogo kuliko hizo. Jina silitaji, maana hakuna aliyenilipa, na haya ninayoyashangaa yamo karibu katika zote.

Sasa, nilihitaji kitu cha kuuza. Nikampigia mjomba, ana kiwanda cha kukamua alizeti Singida.

"Shikamoo mjomba. Nataka nijifanye nakiuza kiwanda chako."

Kimya. Kisha: "Marahaba. Ukijifanya, sawa. Ukikiuza kweli, namwambia mama yako."

Akanitumia kila kitu kwa WhatsApp, kama tunavyofanya wote. Cheti cha BRELA kimepigwa picha juu ya kitambaa cha meza chenye maua. Leseni ya TBS imekatwa kona. Nikasafisha, nikaburuta mafolda yote kwa mpigo mmoja, na hapo ndipo nilipopiga ukelele wa kwanza: chumba kilijipangia faharasa chenyewe! 1 usajili, 1.1 cheti, 2 ardhi, 2.1 hati. Nikachomeka waraka niliousahau katikati, na namba zote zilizofuata zikasogea. Aliyewahi kuandika namba za viambatisho 300 kwa kalamu, kisha akaambiwa saa 5 usiku kuwa namba 7 imerukwa, atanielewa kwa nini nilisimama kitini.

Mnunuzi wangu wa kuigiza alikuwa shemeji yangu wa Mwanza. Nikampa ruhusa ya kusoma tu. Kupakua hakuna, kuchapa hakuna. Folda ya mishahara nikamfungia, na kwake haionekani hata kivuli chake. Mikataba ya ajira ilinipa kazi zaidi, kwa kuwa ina namba za NIDA na simu za wafanyakazi, na tangu Mei 2023 tunaishi na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kuna kifaa humo ndani kinachozitafuta namba hizo na kuzifunika kwa weusi ukurasa kwa ukurasa. Kilikosa mbili, zile zilizoandikwa kwa mkono. Kwa hiyo usikiachie kila kitu ukaenda kulala.

Shemeji ni mtundu. Alipoona hawezi kupakua, akachukua simu ya pili akaipiga picha skrini, akanitumia na vicheko vingi. Nikamwambia, hebu itazame vizuri picha yako. Barua pepe yake, tarehe, saa na dakika vilikuwa vimeandikwa mshazari, kwa maandishi hafifu, juu ya ukurasa mzima. Vicheko vikaisha. Picha utaipiga, hakuna chumba kitakachokuzuia, ila ikivuja imevuja na jina lako. Nikamwongezea adhabu: nikawasha ile hali inayoonyesha mistari michache tu kwa wakati mmoja, na ukurasa uliobaki una ukungu. Alinipigia kulalamika macho.

Lakini kufuli nazo ni kufuli, hata benki wanazo. Kilichoninyima usingizi ni daftari la matukio. Kila mlango unaofunguliwa unaandikwa, na muuzaji analisoma. Nikaona shemeji kazipita hesabu za mwaka mbio mbio, kaufungua mkataba wa umeme mara 3, kisha usiku wa pili, saa 8:40, karudi kwenye hati ya kiwanja na kuikalia dakika 22. Mtu wa kuigiza, saa 8:40 usiku! Ingekuwa biashara ya kweli, ningekwenda mezani nikijua kinachomsumbua na anachokitamani kabla hajafungua mdomo. Anadhani anaisoma kampuni, kumbe kampuni inamsoma yeye. Hata maswali yake yanapita humo humo, yana namba, na jibu likitolewa linabaki. Hakuna tena "nilikuambia kwenye simu".

Kasoro? Bei kwanza. Wapo wanaotoza kwa ukurasa, na kampuni yenye makaratasi ya miaka 20 italia. Tafuta wenye ada ya mwezi. Pili, uliza seva ziko nchi gani kabla hujaweka taarifa za wafanyakazi wako, kwa sababu sheria yetu inaangalia pia zinapovuka mpaka. Tatu, daftari linaandika jina la mwenye akaunti, si macho yaliyosoma. Ukimpa mpwa wako nywila, umesoma wewe.

Nani akichukue? Si wakubwa tu. Mwaka 2024 Amsons ya Dar es Salaam iliinunua Bamburi Cement ya Kenya, na biashara za aina hiyo huja na jeshi la wanasheria. Ninaowafikiria ni akina mjomba: mwenye kiwanda anayetafuta mbia, mwenye shule, mwenye mabasi matano, ambao hadi leo hati zao zinazunguka kwenye simu za madalali wasiowajua.

Jana majaribio yaliisha. Nikabonyeza kitufe kimoja, shemeji akatolewa chumbani. Haikupita dakika 10, simu ikalia.

"Mbona umenifungia? Sijamaliza ule mkataba wa umeme."

Nikampigia mjomba nikamweleza. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mwambie ataje bei."