Kamera Iliyosimama na Waitikiaji

Anayetaka kutengeneza filamu ya kundi la waimbaji wa Eastlands, Nairobi, tuseme vijana watano waliokulia kwenye nyumba za reli za Muthurwa, asianze kwa kuuliza nani ataigiza nafasi ya nani. Aulize kwanza kamera itasimama upande wa nani. Filamu nyingi za wanamuziki humfuata aliyeshika kipaza sauti, na kwa mwanamuziki mmoja mtindo huo unafaa. Kundi ni jambo jingine. Mmoja hufukuzwa, mwingine huugua, wa tatu huzikwa, na jina linabaki kwenye bango. Kati ya filamu zilizojaribu kulitatua tatizo hili, naona The Temptations, kuhusu kundi la jina hilo, ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Ilionyeshwa na NBC ya Marekani kwa siku mbili, tarehe 1 na 2 Novemba 1998, ikampatia mwongozaji Allan Arkush tuzo ya Emmy. Msingi wake ni kitabu cha Otis Williams cha mwaka 1988, na msimulizi ni Otis huyo huyo kama mhusika. Ni kweli Otis ni mwanzilishi, lakini aliyetaka kumsikia akiongoza wimbo alisubiri sana. Nyota walikuwa Eddie Kendricks, mwenye sauti nyembamba ya juu, na David Ruffin, ambaye sauti yake ilikuwa na mikwaruzo kama mhubiri wa saa nane mchana. Kwa lugha ya kwaya zetu, hadithi ya kundi zima imekabidhiwa mwitikiaji, na hapo ndipo filamu ilipopatia.

Faida ya uamuzi huo huonekana mtu anapoondoka. Ruffin aliingia Januari 1964 kuchukua nafasi ya Elbridge Bryant, akafukuzwa katikati ya 1968, na Dennis Edwards akasimama pale alipokuwa amesimama yeye. Lau kamera ingekuwa ya Ruffin, filamu ingefika kilele mwaka huo wa 1968, na yote yaliyofuata yangekuwa mkia. Lakini tuko na Otis, kwa hiyo tunaona kiti kikiwa wazi, kisha kikikaliwa na mgeni. Baada ya kufukuzwa, Ruffin analivamia jukwaa na kujitwalia wimbo ambao sasa ni wa Edwards. Tendo hilo linatuuma kwa sababu tumefundishwa kuhesabu watano, na sasa wako sita. Mhusika mkuu ni mstari wenyewe wa watu watano, hatua zao zikienda pamoja.

Sauti nayo inafanya kazi ile ile. Kwa nyimbo kubwa, filamu inatumia rekodi za kampuni ya Motown, waigizaji wakifuatisha kwa midomo. Wapo wanaoliona hilo ni ujanja wa mvivu, kwamba mwigizaji asiyeimba hawezi kuaminika. Mimi siliafiki. Sikiliza jinsi "My Girl" ilivyojengwa, wimbo ulioshika nafasi ya kwanza Marekani Machi 1965. Besi ya James Jamerson inatangulia peke yake, gitaa la Robert White linapanda ngazi juu yake, vidole vinaalika, na hapo tu ndipo Ruffin anafungua mdomo. Wenzake wanamzunguka kwa viitikio, na vinanda vya nyuzi vinakuja baadaye kulijaza paa. Mwenye kuiga anaweza kuipata sauti ya Ruffin. Pengo lililo kati ya sauti na sauti, jinsi sauti ya besi ya mwimbaji Melvin Franklin inavyoingia chini ya wengine bila kuwasukuma, halipatikani kwa waigizaji waliokutana kwa kazi ya miezi michache. Ulinganifu wa namna hiyo huzaliwa na miaka ya kuimba pamoja, na rekodi imeuhifadhi.

Pingamizi zito zaidi linahusu ukweli. Kufikia 1998 wenzake Otis wa kundi lile la watano, Paul Williams, Ruffin, Kendricks na Franklin, wote walikuwa wamekufa, na shahidi aliyebaki ndiye mwenye kitabu. Familia ya Ruffin, pamoja na wengine, walienda mahakamani wakilalamikia jinsi wahusika walivyoonyeshwa, wakashindwa. Kushinda kesi si sawa na kusema kweli yote. Ongeza kwamba mtayarishaji Suzanne de Passe alikuwa mtu wa Motown kwa miaka mingi, ndipo utaelewa kwa nini Berry Gordy, mwanzilishi wa Motown, anatoka katika filamu hii akiwa safi kama shati la Jumapili. Pingamizi hili nalikubali, ila halivunji mbinu. Linadai waitikiaji waongezwe, wawe wawili au watatu wanaopingana. Sisi tunalijua hilo kwa wimbo "Malaika". Mwanamuziki wa Kenya Fadhili William aliurekodi, lakini umiliki wake umegombaniwa, na jina la Adam Salim wa Tanzania hutajwa kila ugomvi unapozuka. Filamu ya Fadhili yenye msimulizi mmoja ingekuwa hati ya kesi. Yenye wasimulizi watatu ingekuwa hadithi.

Kuna jambo moja ambalo sitashauri liigwe. Hadithi ya Detroit, mji wa kundi hilo, ilipigwa picha Pittsburgh, na kwa kuwa sehemu kubwa hutokea jukwaani na vyumbani, watazamaji hawakulalamika. Muthurwa haiwezi kuhamishwa hivyo. Nyumba ni za chumba kimoja, zimepangwa kwa safu, maji na vyoo ni vya pamoja. Anayefanya mazoezi ya sauti ya pili pale anasikika na safu nzima, kwa hiyo jirani naye ni mwitikiaji. Kuta zenyewe hazina uhakika. Ubomoaji ulianza 2010, wapangaji wakashtaki, na mwaka 2013 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa.

Basi mwenye nia ya kuwatengenezea filamu waimbaji wa Nairobi wa enzi ya studio ya Equator Sound asisubiri fedha za waigizaji. Achukue kinasa sauti kwanza, awatafute walioimba nyuma. Muda hausubiri: Fadhili William alifariki Februari 2001, na mwimbaji mwenzake Daudi Kabaka akamfuata Novemba ya mwaka huo huo.