Ushuhuda wa Kamera na Amri ya Nane

Mnamo Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi mjini Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana mwenye ualbino, wa umri wa miaka 14, huko Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini. Bukombe, iliyokuwa wakati huo katika Mkoa wa Shinyanga, tangu 2012 imo katika Mkoa wa Geita, katika nchi ile ile ya dhahabu ambamo wapo waliosadiki kwamba kiungo cha mwanadamu huvuta mali shimoni. Hapakuwa na kamera iliyoliona tendo lile. Je, mtengeneza sinema atashuhudiaje jambo ambalo hakuliona?

Sinema mbili zimelijibu swali hili kwa njia mbalimbali, na yafaa watumishi wa Kanisa wazitazame pamoja. Ya kwanza ni In the Shadow of the Sun (2012) ya Mwingereza Harry Freeland, ambayo ni sinema ya matukio halisi. Freeland alimfuata kwa miaka kadhaa Josephat Torner, mtu mwenye ualbino aliyeziendea jamii zilizotiliwa shaka na kusema nazo uso kwa uso. Hamna waigizaji humo. Lakini tusidhani kwamba kamera haikubadili kitu: mwanakijiji anayemjibu Torner anajua kwamba anapigwa picha, naye huyapima maneno yake kama mtu aliye barazani.

Ya pili, White Shadow (2013) ya Noaz Deshe, ni hadithi ya kubuni. Kijana Alias, anayeigizwa na Hamisi Bazili, anashuhudia baba yake akiuawa, kisha mama yake anampeleka mjini kwa mjomba. Sinema hii ilipewa tuzo ya kazi ya kwanza ya mwongozaji katika tamasha la Venice mwaka 2013. Kamera yake hutikisika kana kwamba imebebwa na mtu anayekimbia, hata mtazamaji husahau kwamba haya ni maigizo. Hapo ndipo penye nguvu yake, maana hofu ya mtu anayewindwa haimo katika hati yoyote ya mahakama. Na hapo hapo ndipo ninapoikosoa. Mtazamaji wa ng'ambo, asiyeijua Geita wala Kahama, hapewi njia ya kutenganisha kilichotokea na kilichobuniwa.

Wapo watakaosema kwamba kuigiza jambo zito kama hili ni uongo tu. Sikubaliani nao. Mwaka 2008 mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, aliwaendea waganga wa Kanda ya Ziwa akijifanya mfanyabiashara atafutaye utajiri, na kwa kujifanya huko akafichua biashara iliyokuwa imefichika. Alitishiwa maisha, hata ikambidi ajifiche. Waganga hawakujua kwamba anaigiza. Wasikilizaji wake waliambiwa. Nadhani mpaka wenyewe upo hapo, wala si kati ya kamera na jukwaa.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther haishii kutukataza kumsingizia jirani. Anatutaka tumtetee na kulilinda jina lake jema. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wanafunzi wetu ambao sasa hurekodi kwa simu zao na kutaka kuigiza mauaji hayo vijijini. Tuseme mmoja anamhitaji mganga wa kutisha, naye anamchagua bibi kizee wa jirani kwa sababu macho yake ni mekundu. Kila aliyefanya kazi ya uchungaji Usukumani anajua kwamba macho hayo huletwa na moshi wa jikoni, na anajua pia kwamba wazee wengi wa kike wameuawa Shinyanga na Mwanza kwa kudhaniwa wachawi kwa alama hiyo hiyo. Katika nchi hii picha ya macho mekundu yenyewe ni mashtaka. Hata maandishi yakitangaza mwanzoni kwamba hadithi ni ya kubuni, uso ni wa bibi yule, naye atabaki kijijini wakati mwanafunzi amekwisha kurudi chuoni.

Mimi ningemshauri aifute sehemu hiyo, au ampe mganga sauti tu, gizani, bila uso.