Mwenyeji, Jina na Sura: Siku za Kwanza za Ibn Battuta Mjini Zaytun

Utangulizi

Katika Afrika Mashariki, Rihla ya Ibn Battuta imeshughulikiwa zaidi na wanahistoria kuliko wahakiki wa fasihi. Kurasa chache zinazohusu Mogadishu, Mombasa na Kilwa, miji aliyoifikia mwaka wa 1331, hutajwa mara kwa mara ili kuthibitisha jambo fulani kuhusu pwani ya kale, na sehemu kubwa ya kitabu ikaachwa kando. Zoea hili lina hasara. Kurasa hizo husomwa kana kwamba ni shajara iliyoandikwa papo kwa papo, ilhali ni sehemu ya utungo wenye kaida zake za usimulizi.

Makala haya yanachunguza sehemu ya Rihla iliyo mbali na pwani hiyo: kuwasili kwa msafiri katika bandari ya Zaytun, yaani Quanzhou ya leo, kusini-mashariki mwa Uchina, yapata mwaka wa 1345. Dai lake ni kwamba tukio la kuwasili katika Rihla limejengwa juu ya kaida moja, ambayo hapa itaitwa kaida ya mwenyeji. Uchina ndiko kaida hiyo inakolemewa, na namna inavyolemewa ina mafunzo kwa msomaji wa kurasa za Kilwa na Mombasa.

Nafsi tatu za msimulizi

Ibn Battuta alizaliwa Tangier mwaka wa 1304 na kuondoka kwao mwaka wa 1325. Masimulizi yake yalitungwa Fez kwa amri ya Sultani Abu Inan, naye mwandishi, Ibn Juzayy, akayakamilisha mwaka wa 1355. Kwa hiyo anayesema "mimi" katika Rihla si mtu mmoja. Yupo msafiri wa miaka arobaini na kitu anayeshuka merikebuni. Yupo mzee wa miaka hamsini na moja anayekumbuka akiwa mbele ya watu wa Fez. Na yupo katibu msomi anayepanga, kupamba, na pengine kuazima. Imeshabainishwa kwamba baadhi ya maelezo ya Makka, Madina na Damascus yametokana na kitabu cha Ibn Jubayr, aliyetangulia kusafiri katika karne ya 12.

Wasikilizaji nao wana nafasi yao katika utungo huu. Ibn Khaldun anaeleza katika Muqaddima kuwa watu wa Fez walinong'onezana kwamba msafiri huyu anasema uongo kuhusu India. Msimulizi wa Rihla basi ni mtu anayejua kwamba anatiliwa shaka, na kila mji mgeni anaouingiza katika masimulizi yake ni dai linalohitaji shahidi. Shahidi huyo, mara nyingi, ni mwenyeji.

Kaida ya mwenyeji

Mfano ulio wazi zaidi wa kaida hii umo katika sehemu ya Mogadishu. Merikebu inapotia nanga, vijana wanaijia kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mmoja anamchagua mfanyabiashara wa kuwa mgeni wake. Ibn Battuta si mfanyabiashara bali mwanachuoni, kwa hiyo kadhi mwenyewe anakuja kumpokea. Zinafuata siku tatu za kulishwa wali wa samli na vitoweo vyake, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, tangawizi na maembe. Ijumaa inapofika analetewa mavazi ya heshima, kisha anakutana na sultani.

Mpangilio huu una hatua nne: kutambuliwa cheo, kupewa makao, kulishwa, na kupewa zawadi. Mji haupewi nafasi ya kuonekana mpaka mgeni awe amekwisha kupata mahali pake ndani yake. Anachokiona baadaye anakiona kutoka katika sebule ya mwenyeji.

Zaytun: jina lisilo na kitu

Zaytun inaletwa kwa namna nyingine. Kabla ya msafiri kushuka, msimulizi anasita na kutoa maelezo marefu kuhusu Uchina kwa jumla: vyombo vya kauri, kuku wakubwa ajabu, fedha za karatasi, makaa ya mawe, na jinsi mali ya wafanyabiashara inavyoandikishwa na kulindwa. Maajabu yanamalizwa kabla ya safari kuendelea. Msafiri anapofika bandarini hatimaye, vitu vimekwisha kuelezwa. Kilichobaki ni yeye na watu.

Jambo la kwanza analolisema kuhusu mji huo ni kuhusu jina lake. Kwa sikio la Mwarabu, Zaytun ni mizeituni. Lakini, anaeleza, hakuna mizeituni mjini humo. Kwa kawaida jina hilo huelezwa kuwa limetokana na Citong, jina la Kichina la mti wenye maua mekundu. Ibn Battuta hana habari ya asili hiyo, na hilo halipunguzi uzito wa anachokisema. Neno linalosikika kama la nyumbani linageuka kuwa halina kitu cha nyumbani ndani yake. Mara tu baada ya hapo anaisifu bandari kuwa miongoni mwa zilizo kubwa kabisa duniani, kisha anazifananisha nyumba zilizo katikati ya bustani na zile za Sijilmasa, mji wa Maghrib. Tashbihi hiyo inajaribu kurudisha kile ambacho jina limeshindwa kukitoa.

Ndipo kaida ya mwenyeji inapoingia, tena kwa haraka. Siku ile ile anamwona amiri aliyekuwa mjumbe wa Uchina huko India, ambaye chombo chake kilivunjika. Amiri anamtambua, mkuu wa diwani anaarifiwa, na makao mazuri yanapatikana. Wanafuata kadhi Taj al-Din wa Ardabil, sheikh Kamal al-Din wa Isfahan, na mfanyabiashara Sharaf al-Din wa Tabriz, ambaye Ibn Battuta alikopa kwake alipofika India. Waislamu hawa wanaoishi katika mtaa wao wenyewe humfurahia sana mgeni wa dini yao, hata humpa zaka ya mali zao.

Hatua nne zimetimia, lakini wenyeji hawa wametoka Uajemi. Hakuna hata mmoja aliye mwenyeji wa Zaytun kwa maana ambayo kadhi wa Mogadishu, japo alikuwa na asili ya Misri, alitenda kwa niaba ya sultani wa mji. Kaida imetekelezwa kikamilifu, na mji umebaki nje ya mlango.

Mwonaji anayeonwa

Msimulizi mwenyewe anakiri jambo hili baadaye kidogo, anaposema kwamba Uchina, pamoja na uzuri wake wote, haikumpendeza. Kwamba ukafiri wake ulimsumbua hata akawa hatoki nyumbani ila kwa dharura. Na kwamba alipowaona Waislamu alihisi kana kwamba amekutana na jamaa zake. Wahakiki wengine wameona hapa ufinyu wa mawazo tu. Ufinyu upo, lakini sivyo tu. Mtu ambaye sifa yake yote ni kuona anakiri kwamba alifumba macho. Mbele ya wasikilizaji wenye shaka, ungamo hilo halimletei faida yoyote, na kwa sababu hiyo lina uzito kuliko sifa zote za bandari.

Uzito huo unaongezeka likisomwa pamoja na kisa cha wachoraji. Ibn Battuta na wenzake, wakiwa wamevaa kama watu wa Iraki, wanapita soko la wachoraji katika mji wa mfalme. Jioni wanaporudi wanakuta sura zao zimechorwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Anaeleza kuwa ni desturi, ili mgeni akifanya kosa na kutoroka atafutwe kwa picha yake. Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe. Hapa kuku huyo amechorwa. Kisa hiki kimewekwa katika maelezo ya jumla, kabla ya kuwasili Zaytun. Msomaji anaingia bandarini akijua tayari kwamba anayetazama anatazamwa, tena na watu wasiomfahamu kwa cheo wala kwa ukoo. Wamepata sura yake bila kumhitaji kadhi.

Pingamizi na matokeo yake

Wapo wanaoshuku kwamba Ibn Battuta alifika Uchina kwa kiwango anachodai, hasa sehemu za kaskazini. Shaka hiyo haibomoi hoja hii. Kama alifika, kukosa raha kwake ni kumbukumbu. Kama sehemu fulani zimetungwa, bado mtungaji aliona kwamba kaida ya mwenyeji haitoshi kubeba mji huu. Yote mawili ni mambo ya fasihi.

Kwa kurasa za pwani, matokeo ni makubwa zaidi. Mombasa, alikolala usiku mmoja tu bila mwenyeji anayetajwa kwa jina, inapata maneno machache: ndizi, samaki, misikiti ya mbao, miguu inayooshwa. Kilwa ina mwenyeji, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na karibu kila kitu kinachosimuliwa humo ni ukarimu wake, hadi kisa cha fukara wa Yemen aliyeomba nguo alizovaa sultani, naye akampa. Kauli kwamba mji umejengwa kwa mbao, ambayo imewasumbua wasomi mbele ya mawe ya Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, inapitishwa kwa upesi kandokando ya sifa hizo. Msimulizi hakuwa akipima kuta. Alikuwa akimpima mwenyeji.

Hitimisho

Rihla haipaswi kuachwa na wanahistoria, ila wanapaswa kuiuliza kwanza swali la kihakiki: ni nani aliyemfungulia msafiri mlango wa mji huu? Mahali jibu lilipo wazi, kama Mogadishu na Kilwa, kinachosomwa ni picha ya mwenyeji zaidi ya picha ya mji. Zaytun mlango ulifunguliwa na wageni wenzake, na kwa hiyo mpaka wa macho yake unaonekana waziwazi. Kurasa za pwani hazina ungamo kama lile la Uchina. Ukimya huo usichukuliwe kuwa ushahidi kwamba huku aliona kila kitu.