Fundo la Mfumaji

Jioni, mitumbwi ikishavutwa mchangani hapa Nundu, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mzee mmoja jirani yetu huketi chini ya mwembe na wavu mapajani. Jicho la wavu lililopasuka analishika kwa kidole gumba na cha shahada, anapitisha uzi kutoka chini, anauzungusha nyuma, anaurudisha chini ya uzi wenyewe, anakaza. Wala hatazami. Fundo linabaki dogo kama punje ya mtama, na kadiri unavyolivuta ndivyo linavyozidi kuuma.

Wafumaji wa viwandani wanalo fundo hilo hilo, nao huliita fundo la mfumaji. Uzi ukikatika mtamboni, ndilo linalouunga, kwa kuwa ni dogo na hupita bila kukwama. Nililigundua hilo nikifuatilia habari za kiwanda cha Kalemie, kusini mwetu kwenye ziwa hili hili: Filatures et Tissages Africains, ambacho watu wa mwambao wanakijua kwa jina la Filtisaf. Kilianzishwa mwaka 1946, mji ukiitwa bado Albertville. Reli ya kutoka Kabalo ilikuwa imeshafika ziwani tangu 1915, na baadaye umeme ukaja kutoka maji ya mto Kyimbi, pale Bendera, njiani kati ya Fizi na Kalemie.

Jengo la kiwanda cha pamba kama hicho huwezi kulielewa kabla hujauelewa uzi. Unyuzi mmoja wa pamba ya kawaida una urefu wa sentimita mbili na nusu hadi tatu hivi. Hakuna gundi inayoushikanisha na wenzake, ni msokoto tu. Sokota kidogo, uzi unaachia. Zidisha, unajikunja na kukatika. Ndiyo maana mitambo ya kufumia huwekwa chini kabisa, juu ya sakafu nzito inayomeza mtikisiko. Ndiyo maana pia viwanda vingi vya nguo duniani vimeezekwa paa la meno ya msumeno, vioo vikiwa upande mmoja tu wa kila jino: mwanga uingie, jua lisiingie, na jicho la mfumaji lione uzi uliokatika palepale. Halafu kuna moto. Vumbi la pamba na la kitani hushika haraka, na kwa hofu hiyo, mwaka 1797 kule Shrewsbury, Uingereza, kilijengwa kiwanda cha kitani chenye nguzo na boriti za chuma badala ya mbao. Lilikuwa jengo la kwanza duniani lenye kiunzi cha chuma, na maghorofa ya leo ni wajukuu zake. Limekarabatiwa, na mwaka 2022 likafunguliwa kwa umma.

Lakini kazi ninayoistahi kuliko zote haionekani kwenye picha za majengo. Kabla mtambo haujaanza, nyuzi za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu wa nguo, hupitishwa kwanza kwenye uji wa wanga ili zipate nguvu, kisha huingizwa mahali pake moja moja. Chukua kitambaa cha upana wa mita moja, nyuzi 24 kwa kila sentimita: hizo ni nyuzi 2,400. Kila mmoja unavutwa kwa kindoano kupitia tundu la waya jembamba, kisha kati ya meno ya chanuo la chuma. Mtu mmoja anatoa uzi, mwingine anavuta. Wakikosea kwenye uzi wa 900, kosa litaonekana kama mstari kuanzia mwanzo wa jora hadi mwisho wake. Fikiria subira hiyo, saa baada ya saa, mgongo umeinama.

Sisahau pamba ile ilikotoka. Tangu amri ya 1917, serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha wanakijiji kuilima, na uwanda wa Ruzizi pamoja na mwambao wa Fizi haukusalimika. Kilo 100 za pamba mbegu hutoa kilo 35 hivi za pamba safi. Zinazobaki karibu zote ni mbegu. Mkulima alibeba kichwani kilo zote 100. Hasira hiyo ninayo, na haipunguzi heshima yangu kwa mafundi wa Kalemie, kwani mikono iliyojifunza ufundi ule ilikuwa mikono ya watu wetu. Mitambo ya Filtisaf imenyamaza siku nyingi. Ninachotamani, hata kabla ya mtu kugusa kuta za kiwanda, ni akae na waliofanya kazi pale, awaombe wamwonyeshe kwa vidole walivyokuwa wakifanya.

Nilimweleza jirani yangu haya yote. Alisikiliza, kisha akauliza swali moja:

"Sasa huko kiwandani, uzi wao waliulowesha wapi?"

"Kuulowesha, Papa?"

"Nyavu za baba yangu zilikuwa za pamba. Uzi mkavu alikuwa hafungi. Anauchovya ziwani kwanza."

Nikamwambia kwamba kwenye ukumbi wa kufuma hewa yenyewe hutiwa unyevu, maji yakinyunyizwa kama ukungu, maana uzi wa pamba ukiwa na unyevu huwa na nguvu kuliko ukiwa mkavu. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua, akavuta uzi wake wa nailoni, akatafuta jicho lingine lililopasuka.