Aliyeuawa na Wake: Utenzi wa Vita na Jina la Kariakoo

Kuna shairi la neno moja ambalo watu wa Dar es Salaam hulitamka kila siku pasi na kulisikia. Kondakta hulinadi mlangoni mwa daladala, muuza vitenge huliandika kwenye risiti, na mchukuzi aliyejitwika gunia la vitunguu katika Mtaa wa Congo hulitaja akiulizwa riziki yake aipatia wapi. Neno lenyewe ni Kariakoo. Asili yake ni Carrier Corps, jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza. Waingereza walipouteka mji mwezi Septemba 1916, walilikuta jengo ambalo Wajerumani walilikusudia liwe soko, wakaligeuza kambi ya wapagazi hao. Vita vikesha, kambi ikavunjwa, soko likawa soko. Jina likabaki bila ya watu wake.

Watu wake walikwenda wapi? Serikali ya Kiingereza yenyewe ilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000 katika vita vya Afrika Mashariki. Wanahistoria wengi huisogeza idadi hiyo hadi kukaribia 100,000. Walio wengi hawakuiona hata risasi ya Mjerumani. Waliuawa na tumbo la kuhara damu, na malaria, na mvua isiyokuwa na hema, na unga wa mahindi usiopata muda wa kuiva, waliopewa watu waliozoea ndizi au wali. Waliuawa, kwa kusema kweli, na jeshi lilelile walilolibebea mizigo, ingawa hakuna ofisa aliyewatakia mauti. Je, fasihi ya Kiswahili, ambayo haijapata kupungukiwa na maneno ya vita, ina maneno gani kwa mtu aliyefia mkononi mwa upande wake?

Mahali pa kwanza pa kutafuta jibu hapako mbali na soko. Mtu akivuka Mnazi Mmoja na kuushika Mtaa wa Samora, atalikuta sanamu la askari aliyeinamia bunduki yake kuelekea bandarini. Lilichongwa na James Alexander Stevenson na kuzinduliwa mwaka 1927. Chini yake pana maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na maneno yake ya Kiingereza hunasibishwa na Rudyard Kipling. Yanawataja wapagazi kuwa ni miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba afaye vitani jina lake litakumbukwa na wanawe. Kama sitiari, miguu na mikono ni sitiari nzuri, na mhakiki asiwe bahili wa kuisifu. Ila yanasemwa maneno hayo juu ya mwili ulioiacha miguu yake ioze. Na ile ahadi ya jina imechongwa penye jiwe lisilokuwa na jina la mtu hata mmoja. Maandishi haya yanajua kuomboleza kwa jumla tu. Hayathubutu kueleza namna mtu alivyokufa, kwa kuwa kuieleza kungehitaji kumtaja aliyesababisha.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuulaumu ukoloni. Lakini utenzi wa Kiswahili nao una kipofu chake, na kinatokana na ufundi wake wenyewe. Katika tenzi za maghazi, kuanzia Herekali hadi Rasi 'lGhuli, shujaa aghalabu hapigi upanga kabla ya kujitaja. Hutoka safuni, akasema yeye ni nani, mwana wa nani, na mpinzani wake akamjibu kwa majigambo yake. Ndipo panga zikakutana. Msikilizaji wa pwani huipenda sana sehemu hiyo, na ana haki. Tanzu nzima imesimama juu ya itikadi kwamba muuaji na muuawa wanajuana. Beti husonga mbele kwa sababu kila pigo lina anwani.

Vita vya kisasa vimeiondoa anwani hiyo. Mwaka 1978, katika siku za mwanzo za Vita vya Kagera, ndege tatu za kivita za Tanzania ziliangushwa karibu na Musoma na walinzi wa anga wa Tanzania hiyohiyo. Hata mataifa yenye mitambo ya kutambulishana kwa mawimbi ya redio, ambayo kazi yake yote ni kuuliza "nani wewe?" na kungoja jibu, hayakusalimika. Tarehe 14 Aprili 1994 ndege za Marekani zilitungua helikopta mbili za Marekani kaskazini mwa Iraki, wakafa watu 26. Tarehe 23 Machi 2003 kombora la Kimarekani liliiangusha ndege ya washirika wao Waingereza karibu na mpaka wa Kuwait, wakafa watu wawili. Swali la majigambo limo mle mle ndani ya mtambo. Kilichokosekana ni jibu, au aliyelisikia.

Hapa Kiswahili kina mkasa wake wa pekee. Katika vita vya 1914 hadi 1918 askari Waafrika wa pande zote mbili walisema Kiswahili, na wapo waliotekwa kwa Wajerumani wakavalishwa sare za King's African Rifles. Mwaka 1979 jeshi la Tanzania na wakimbizi wa Uganda waliopigana pamoja nalo walisema Kiswahili, na Kiswahili pia ndicho kilichokuwa lugha ya jeshi la Amin. Mlinzi aliyeuliza gizani "Nani?" angeweza kujibiwa kwa lugha hiyohiyo na rafiki na adui. Lugha ambayo washairi huisifu kwa kuunganisha watu ilikuwa, penye doria ya usiku, haitambulishi mtu.

Henry Muhanika aliuchapisha utenzi wake wa Vita vya Kagera mwaka 1981, miaka miwili tu baada ya vita, na hilo laonyesha jinsi umbo hili la kale lilivyo tayari kuitika. Lililo gumu kwake ni Musoma. Rubani aliyeangushwa na wenzake atawekwa ubeti gani? Akiitwa shujaa tu, beti zimemficha. Methali nazo hazisaidii. "Kikulacho ki nguoni mwako" humtuhumu mpiga kombora kwa khiyana asiyoifanya. "Ajali haina kinga" humwachilia mapema mno, na pamoja naye aliyepaswa kumpa habari za ndege zile. Tafsiri inayosikika siku hizi, "risasi ya kirafiki," haifai hata kidogo. Ni kejeli kwa mjane.

Msamiati ungekuwa haba kweli lau watu wa pwani wasingekuwa na elimu nyingine. Fiqhi, tangu zamani, hutenganisha kuua kwa kukusudia na kuua kwa kukosea, na aliyekosea si mhaini, wala hasamehewi kwa kunyamaza: kuna kafara, na kuna dia kwa jamaa wa maiti. Na katika maghazi yenyewe kisa kipo. Katika vita vya Uhud, mwaka 625, safu za Waislamu zilipochanganyikana, al-Yaman, baba wa Hudhayfa, alipigwa na Waislamu wenziwe. Hudhayfa alipiga kelele kwamba yule ni babake. Hawakusikia hadi walipokwisha kumuua, wakaapa kuwa hawakumtambua. Akawaombea msamaha kwa Mungu. Mtume akataka kulipa dia, naye Hudhayfa akaitoa sadaka kwa Waislamu. Haji Chum wa Unguja alikusanya Utenzi wa Vita vya Uhud, uliochapishwa mwaka 1962, kwa hivyo uwanja huo si mgeni kwa washairi wa visiwani. Katika kisa hicho kifupi mna jina la aliyekufa, kosa lililokiriwa, fidia iliyotolewa, na mwana anayeita. Jiwe la Mtaa wa Samora halina hata kimoja.

Utenzi una nyenzo ya kuifanya kazi hiyo. Mishororo mitatu ya kila ubeti hubadili vina vyake, lakini wa nne hushika kina kimoja tangu bismillahi hadi tamati. Aghalabu nafasi hiyo hupewa silabi nyepesi, -ya au -a, ili mtunzi asihangaike. Mtunzi atakayeliweka hapo jina la mtu mmoja, mpagazi aliyelala kambini Kariakoo mwaka 1917 au rubani wa Musoma, atataabika kulitafutia vina, na msomaji atalazimika kulipitia kila baada ya mishororo mitatu, kama wapita njia wanavyompisha mchukuzi Mtaa wa Msimbazi, akiwa na mzigo kichwani na akiita watu waondoke njiani.