Ufundi wa Riwaya Mbele ya Maji Yanayopanda

Riwaya inayohusu mabadiliko ya tabianchi, yaani mageuko ya muda mrefu ya joto, mvua na kina cha bahari yanayochochewa na shughuli za binadamu, ina ugumu wake wa pekee, kwa kuwa janga lenyewe hujengeka polepole kupita umri wa mhusika, ilhali msomaji humlilia mtu na kamwe hazililii nyuzijoto. Mwandishi wa India, Amitav Ghosh, aliushinda ugumu huo katika The Hungry Tide, riwaya iliyotoka mwaka 2004, ambayo mandhari yake ni Sundarbans, msitu mkubwa wa mikoko wa India na Bangladesh.

Humo, Piya, mtafiti wa pomboo aliyekulia Marekani, anaongozwa na Fokir, mvuvi asiyejua kusoma, na wawili hao hawana lugha ya pamoja. Ghosh hakuwapa hotuba bali kazi: Fokir anakwenda na kurudi akifuata kamba aliyotegea kaa, naye Piya anautumia mstari uleule kupima kina cha maji, hata kazi mbili zisizojuana zikawa zinafanyika katika mtumbwi mmoja bila ya yeyote kumzuia mwenziwe. Kwa hiyo kimbunga kinapofika na Fokir kufa akimkinga Piya kwa mwili wake, msomaji amekwisha kujua ni maarifa gani yaliyozama pamoja naye. Hapo ndipo ulipo ufundi, kwani uchungu wa sura ile umeandaliwa na usahihi wa sura zilizotangulia.

Msomaji wa Kibiti, wilaya ya Tanzania yenye delta ya Rufiji, ana haki ya kuipima riwaya hiyo kwa macho makali zaidi, maana delta hiyo nayo ina msitu mpana wa mikoko, wenye michu, mikandaa na mikomafi, ambako maji ya chumvi na maji ya mto hushindania mashamba ya mpunga. Abiria anayevuka Daraja la Mkapa karibu na Ndundu, lililofunguliwa mwaka 2003, huuona mto kwa dakika moja tu, na hawezi kujua kwamba mafuriko ya kiasi ni neema inayowezesha kilimo cha mlau, yaani kupanda katika ardhi yenye unyevu maji yanapopungua, wala kwamba mkulima huhamia kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili aulinde mpunga wake. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamishia watu wa bondeni kwenye vijiji vya ardhi ya juu. Tukio hilo, kwa hakika, ni riwaya nzima.

Mwandishi wa Kitanzania, Shaaban Robert, aliitukuza kazi ya shamba katika riwaya yake Utubora Mkulima, ingawa jembe humo husifiwa zaidi ya linavyoonekana likilima, na huo ndio mtego unaowanasa wengi wanaoandika juu ya mazingira. Kwa hiyo waandishi wanaokusudia kuisimulia delta hii wasianze na mafuriko ya Aprili 2024, yaliyokwisha kupigwa picha za kutosha. Waanze na mwenye dungu, wamfuate msimu mzima tangu kupanda hadi kuvuna, ndipo wayaruhusu maji yaingie.