Kushuka kwa Mwalimu

Edward Carey Francis aliiongoza Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, kuanzia 1940 hadi 1962, na wanaomsifu huanza na orodha: huyu alipita kwake akawa waziri, yule jaji, yule mwandishi. Orodha ni ya kweli. Wengi wa mawaziri wa kwanza wa Kenya huru walikuwa wametoka Alliance. Lakini kumpima mwalimu kwa vyeo vya wanafunzi wake ni kama kumsifu mkunga kwa urefu wa mtoto aliyekwisha kukua. Shule iliyofunguliwa na umoja wa misheni za Kiprotestanti mwaka 1926, ikachuja wavulana wachache kutoka kila pembe ya nchi wakati Mwafrika alikuwa na shule za sekondari za kuhesabu kwa vidole, ingetoa mawaziri hata kama walimu wake wangekuwa wa kawaida tu. Sifa inayomstahili Francis naiona kwingine: mara mbili katika maisha yake alishuka ngazi ambayo wenzake walikuwa wakiipanda, na mara zote mbili alishukia darasani.

Mara ya kwanza ilikuwa 1928. Francis, mzaliwa wa London wa mwaka 1897, alikuwa akifundisha hisabati katika chuo cha Peterhouse, Cambridge. Aliacha kazi hiyo, akaja Maseno, shule ya misheni ya Kianglikana ya CMS huko Nyanza, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Wengi husimulia hatua hii kama kafara, kwamba akili kubwa ilijishusha kwa ajili ya Injili. Yeye mwenyewe alikuwa Mkristo wa kweli na sina haja ya kuitilia shaka nia yake. Ila neno kafara linaficha jambo, kwa kuwa linachukulia kwamba hesabu ya Cambridge ni ngumu na ya Maseno ni rahisi. Kwa mwanafunzi, sawa. Kwa mwalimu ni kinyume. Tuseme mtoto ameambiwa ajumlishe nusu na robo, naye akaandika mbili ya sita, yaani theluthi. Amejumlisha akapata kidogo kuliko nusu aliyoanza nayo! Mjuzi wa hesabu huona jibu bovu, hulikata kwa kalamu nyekundu, hufungua daftari linalofuata. Mwalimu husimama hapo. Anaona kwamba mtoto amejumlisha cha juu kwa cha juu na cha chini kwa cha chini, kwa utaratibu usio na dosari, na kwamba utaratibu huo una mahali pake: ukipiga penalti mbili ukafunga moja, kisha ukapiga nne ukafunga moja, kweli umefunga mbili kati ya sita. Kwa hiyo mtoto hajazembea. Amejibu swali jingine. Kumtoa huko hakuhitaji fimbo wala kurudia kanuni kwa sauti ya juu zaidi. Kunahitaji chungwa moja, kisu, na mtu anayejua ni wapi hasa njia zilipoachana.

Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa kusoma hisabati ya juu. Pengine hisabati ya juu huuzuia, maana aliyezoea kupita njia hayaoni tena mashimo yake. Profesa anajua kwa nini jibu ni robo tatu, lakini amesahau kwamba palikuwa na siku ambayo hakujua, na ufundi wa ualimu umejengwa juu ya kuikumbuka siku hiyo. Francis aliandika vitabu vya hesabu vya shule za Afrika, na hata alipokuwa mkuu wa Alliance aliendelea kuingia darasani. Kwake hesabu za watoto zilikuwa kazi inayostahili kichwa kizima cha mwanahisabati.

Kuna atakayeuliza, na ana haki: unamsifu mkoloni? Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia Alliance mwaka 1955, katikati ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni dhidi ya uasi wa Mau Mau. Aliporudi likizo ya kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa, na kaka yake alikuwa mpiganaji wa Mau Mau. Kumbukumbu alizochapisha mwaka 2012 zinaionyesha shule hiyo kama hifadhi na pia kama kiwanda: gwaride, ibada, Shakespeare, Kiingereza. Francis aliipinga Mau Mau waziwazi, hata kama hakunyamazia maovu ya askari wa serikali. Simwoshi. Bei ya lugha zilizoachwa nje ya lango la shule zile bado tunailipa, na ufundi wa mtu mmoja wa kufundisha hesabu za sehemu haupunguzi deni hilo hata senti. Ninachosema ni kidogo zaidi: mwalimu anayemzoesha mtoto kuulizwa kila siku "umefikaje hapo?" hawezi kuchagua mahali swali hilo litakapokomea. Mtoto huyo atakuja kumuuliza gavana. Wapo waliomuuliza. Wapo pia, ni lazima tukiri, waliosahau kuuliza mara tu walipokalia kiti chake.

Pingamizi la pili linanisumbua zaidi. Francis hakuwa na mke wala watoto wa kulipiwa karo. Aliweza kushuka kwa hiari. Mwalimu Mwafrika wa wakati wake, aliyelipwa kidogo kuliko Mzungu, hakuwa na pa kushukia. Ndiyo maana walimu wa Kenya waliunda chama chao, KNUT, mwaka 1957, na ndiyo maana hadi leo mwalimu hushtuka akisikia serikali au kanisa likitaja neno wito, kwani mara nyingi linatajwa mwezi ambao mshahara umechelewa. Wana haki ya kushtuka. Fundi cherehani mwenye mkono mzuri hatozi bei ndogo kwa sababu anapenda kushona. Na utaratibu wetu wa vyeo ni wa ajabu: anayefundisha vizuri huongezewa pesa kwa sharti la kupunguza kufundisha, akapewa ofisi, mhuri na vikao. Hata heshima ya neno lenyewe imehama. Julius Nyerere, aliyekuja kuwa rais wa Tanzania, aliacha kufundisha katika shule ya Pugu mwaka 1955, na jina Mwalimu likamfuata hadi Ikulu, ambako lilipata uzito ambao aliyebaki na chaki Pugu hakuwahi kuupata.

Mara ya pili Francis kushuka ilikuwa 1962, alipostaafu Alliance. Angeweza kurudi Uingereza, au kukaa kwenye bodi za shule na kufungua majengo. Alikwenda Pumwani, mtaa wa Eastlands, Nairobi, jina ambalo sikio la Mswahili husikia ndani yake neno pumua, lakini hakwenda kupumzika. Aliingia shule ya sekondari ya mtaa kama mwalimu wa kawaida, chini ya mkuu mwingine, akifundisha watoto ambao Alliance haikuwachagua. Mkutanoni hakuwa tena na neno la mwisho, na orodha ya mawaziri haikumsaidia chochote mbele ya kijana asiyeelewa. Alibaki na kile alichokuja nacho Maseno miaka 34 nyuma. Alipofariki mwaka 1966 alikuwa bado mwalimu wa Pumwani.